Udaktari wa Biashara kwa Njia ya Mtandao: Unasomwaje na Unamfaa Nani?

Wanachuo wenzangu, kama umo kwenye magrupu ya WhatsApp ya darasa lako, tangazo hili lazima limeshakufikia. Linakuja na picha ya mtu aliyevaa joho jekundu, halafu ahadi zinafuata: soma udaktari ukiwa nyumbani, hakuna kuacha kazi, hakuna kusafiri, na baada ya muda si mrefu jina lako litaanza na Dokta. Chini kuna namba ya simu. Muhula uliopita nililiona mara nne ndani ya wiki moja, na mara ya mwisho aliyelituma ni kijana wa mwaka wa pili ambaye bado ana sapu mbili. Tulicheka sana pale kwenye vimbweta. Lakini tulipomaliza kucheka yakabaki maswali ya kweli. Shahada hiyo ipo kweli? Inasomwaje mtandaoni? Ni sawa na PhD? Na sisi tunaomaliza mwakani inatuhusu nini?

Mimi nasoma ualimu, sisomi biashara. Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, mama yangu mdogo, ambaye nakaa kwake tangu nilipomaliza kidato cha nne, yuko mwaka wa tatu wa shahada hii katika chuo kimoja cha Uingereza, na anaisoma akiwa Dar es Salaam, mezani sebuleni, baada ya kazi. Likizo zote niko pale, kwa hiyo nimeiona kazi hiyo kwa karibu. Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba nisitaje kampuni yake wala chuo chake. Sababu ya pili ni kwamba swali lililo ndani ya shahada hii ni swali letu sisi walimu: mtu anajifunza nini kazini ambacho hawezi kukipata darasani, na nani anathibitisha kwamba amejifunza kweli?

Niseme mapema nilichokiona, halafu nieleze. Mtandao umechukua nafasi ya ukumbi wa mihadhara na maktaba, basi. Nusu nyingine ya chuo ni kazi unayoifanya kila siku. Asiye na kazi hiyo analipa ada nzima kwa nusu chuo.

Ni shahada gani hasa?

Kwa Kiingereza kifupi chake ni DBA, yaani shahada ya udaktari katika usimamizi wa biashara. Inakaa juu ya shahada ya uzamili, kwa kawaida MBA, katika ngazi ileile ya PhD. Tofauti iko kwenye shabaha. Anayesoma PhD ya biashara anatafuta pengo katika nadharia, analijaza, na mara nyingi anajiandaa kuwa mhadhiri au mtafiti. Anayesoma DBA anaanza na tatizo la kazini, analichunguza kwa mbinu za kitaaluma, kisha anatakiwa aonyeshe vitu viwili: nini kimebadilika katika utendaji, na elimu gani mpya wengine wanaweza kuitumia. Tasnifu yake mara nyingi huwa fupi kidogo. Katika vyuo vingi vya Uingereza ni kama maneno 50,000, wakati ya PhD hukaribia 80,000. Kwa wanaosoma huku wanafanya kazi, muda wa kawaida ni miaka 3 hadi 6.

Usidhani ni kitu cha jana. PhD ya kwanza Marekani ilitolewa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1861, kwa kufuata mfano wa vyuo vya Ujerumani. Baadaye watu wa taaluma za kazi wakadai udaktari unaowafaa wao. Na hapa sisi walimu tuna la kujivunia: shule ya elimu ya Harvard, iliyoanzishwa 1920, ndiyo ya kwanza kutoa udaktari wa elimu, ule unaoitwa EdD. Uingereza ilichelewa. EdD ya kwanza kule ilianzishwa Bristol mwaka 1992. Kwa hiyo DBA na EdD ni ndugu, wa biashara na wa shule.

Lakini jina peke yake halitoshi kukueleza undani. Shule ya biashara ya Harvard, ambayo ilianza mwaka 1908, ilikuwa ikitoa DBA kwa miaka mingi, na hiyo DBA ilikuwa ya kitaaluma kama PhD yoyote, ya kuandaa maprofesa. Mwaka 2018 shule hiyo ikaacha jina la DBA na kuanza kutoa PhD. Kwa hiyo ukikutana na herufi hizo tatu mahali, usiishie hapo. Uliza ndani yake kuna nini.

Wiki moja ya mwanafunzi wa mtandaoni

Watu wengi wakisikia "mtandaoni" wanafikiri ni kuangalia video halafu kujibu maswali ya kuchagua. Sivyo. Miaka miwili ya mwanzo mama mdogo alikuwa na kozi moja baada ya nyingine, kila moja ya wiki kadhaa. Kila wiki linawekwa swali na makala za kusoma. Unaandika jibu lenye hoja na vyanzo, halafu unalazimika kujibu majibu ya wenzako. Kundi lake lilikuwa na watu wachache tu: mmoja yuko Lagos kwenye benki, mwingine yuko Dubai kwenye usafirishaji wa mizigo, mwingine ni msimamizi wa hospitali Canada. Hakuna kukaa nyuma ya darasa na kuchat. Usipoandika kwa wiki moja, kila mtu anaona kwamba hukuwepo.

Kuna vipindi vya moja kwa moja pia, na hapo ndipo saa za Waingereza zinapoanza kukusumbua. Kipindi cha saa 12 jioni ya London kwetu ni saa 3 usiku wakati wa baridi yao, halafu wakisogeza saa zao wakati wa joto kinakuwa saa 2 usiku. Mara ya kwanza saa ziliporudishwa mwishoni mwa Oktoba, mama mdogo alikaa mbele ya kompyuta saa nzima akidhani mhadhiri kachelewa. Umeme nao una ratiba yake. Ndani ya nyumba kuna betri ya akiba na bando la laini mbili tofauti, kwa sababu moja ikigoma katikati ya mjadala, hakuna atakayekusubiri.

Chuo chake kinashauri saa 15 hadi 20 za kusoma kila wiki. Hesabu mwenyewe kwa mtu anayeingia ofisini saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, halafu kuna foleni ya Mbagala. Ni saa mbili kila usiku na Jumamosi nzima. Harusi za ukoo anachangia ila haonekani. Mjomba wetu mmoja alishalalamika kwamba "huyu siku hizi amekuwa Mzungu."

Kusoma mbali na chuo si jambo geni. Chuo Kikuu cha London kilianza kutahini watu wa nje ya kuta zake mwaka 1858. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kupitia UNISA, akiwa bado mfungwa. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimesomesha walimu wengi waliotufundisha sisi. Hivyo anayesema kwamba elimu isiyo na ukumbi si elimu hajaangalia historia. Kitu kipya ni kwamba maktaba nzima ya chuo cha mbali inafunguka kwenye kompyuta mpakato. Hicho ndicho kitu nilichomwonea wivu zaidi. Makala ambazo sisi tunazisoma muhtasari tu, yeye anazipata zote.

Kazi yako ndiyo maabara

Sasa tuje kwenye kiini. Mama mdogo ni meneja mauzo wa kampuni inayosambaza unga, mafuta ya kula na sabuni kwa maduka ya mtaani. Pendekezo lake la kwanza la utafiti lilihusu changamoto za biashara Afrika Mashariki. Msimamizi wake alilirudisha. Alimwambia hiyo ni mada ya mkutano, si ya utafiti. Akamuuliza swali moja: ni jambo gani linakuumiza kichwa kila Jumatatu asubuhi?

Jibu lake lilikuwa mali kauli. Kwa wasiojua, mali kauli ni pale msambazaji anapomwachia mwenye duka bidhaa kwa neno tu, alipe akishauza. Biashara nyingi za mtaani zinaishi hivyo. Tatizo ni madeni yanayokwama. Ofisini kwao kila mtu alikuwa na maelezo yaleyale: wenye maduka si waaminifu.

Mbinu anayotumia inaitwa utafiti tendaji. Kozi yetu ya mbinu za ufundishaji inaitaja, na wengi tumeikariri kwa ajili ya mtihani: panga, tenda, angalia, tafakari, halafu rudia. Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliieleza miaka ya 1940 akisema kwa ufupi kwamba ukitaka kuelewa jambo la watu, jaribu kulibadilisha huku ukiangalia. Mwalimu akiwa BTP akabadilisha namna ya kuuliza maswali darasani, akaandika kilichotokea na akarekebisha tena, ameanza utafiti tendaji.

Mama mdogo alianza na daftari la madeni la miezi 18. Mimi mwenyewe nilimsaidia kuingiza tarehe kwenye kompyuta likizo nzima, malipo yangu yakiwa chipsi kuku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, ila hapa daftari lilikuwepo, na habari ilikuwemo. Hakuna aliyekuwa ameisoma. Madeni mengi yaliyokwama yalitokana na mali iliyotolewa wiki ya mwisho ya mwezi. Kwa nini? Kwa sababu mawakala wa mauzo wana malengo ya mwezi, na malengo yanahesabiwa kwa katoni zilizotoka stoo. Ikifika tarehe 25 wakala hajafikisha, anamsukumia mwenye duka katoni ambazo hakuziomba. Mwenye duka anapokea, maana akikataa anaogopa mwezi ujao atarukwa. Mali inakaa, pesa haipo, deni linakwama.

Yaani tatizo lililokuwa linaitwa "wateja wasioaminika" lilikuwa linatengenezwa ofisini.

Hatua ya pili ilikuwa kujaribu. Katika maeneo mawili ya mji, kwa miezi mitatu, malengo ya mawakala yalihesabiwa kwa fedha iliyokusanywa badala ya katoni zilizotoka. Eneo moja madeni yalipungua waziwazi. La pili halikusogea hata kidogo. Nilifikiri amefeli. Yeye alifurahi, kwa sababu lile lililogoma ndilo lililompeleka mtaani kuuliza zaidi, akakuta msambazaji mwingine anatoa mali kauli ya siku nyingi zaidi, na wenye maduka wanamlipa yule kwanza. Hiyo sasa ndiyo sura ya tano ya tasnifu yake.

Angalieni kilichohitajika hapo. Alihitaji daftari, ambalo mtu wa nje asingepewa. Alihitaji mamlaka ya kubadilisha malengo, hata kwa maeneo mawili tu. Alihitaji kuyajua mambo ya tarehe 25, ambayo hayajaandikwa kwenye kitabu chochote. Vilevile alihitaji msimamizi wa mbali, asiyeifahamu Dar es Salaam, wa kumuuliza "umejuaje?" kila alipoandika jambo ambalo ofisini kwao kila mtu analichukulia kuwa kweli. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, utafiti haupo.

Mtafiti akiwa ndiye bosi

Hapa kuna ugumu ambao matangazo hayausemi. Ukimhoji mtu unayemsimamia, atakuambia unachotaka kusikia. Nani atakubali mbele ya meneja wake kwamba anasukumia watu katoni? Sisi tunalijua hili. Mwalimu mkuu akiingia darasani siku ya BTP, hata yule mtoro anakaa wima.

Kamati ya maadili ya chuo chake ilimzuia kwa karibu miezi miwili kwa ajili ya jambo hili. Walitaka mahojiano na mawakala yafanywe na mtu mwingine asiye wa kampuni, majina yaondolewe kabla yeye hajasoma, na kila mshiriki aelezwe kwamba akikataa hatapata shida kazini. Kuna pia sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Majina na namba za simu za wenye maduka haziwezi tu kuchukuliwa kutoka kwenye mfumo wa kampuni zikapelekwa ng'ambo eti kwa sababu ni utafiti.

Halafu kuna mwajiri. Mwanzoni mkurugenzi alisaini barua ya ruhusa kwa furaha, akasema ni fahari ya kampuni. Matokeo yalipoanza kuonyesha kwamba chanzo ni malengo aliyoyapanga yeye, furaha ikapungua. Sasa anataka kuisoma tasnifu kabla haijawasilishwa. Chuo kina utaratibu wa kuficha jina la kampuni na hata kuizuia tasnifu isisomwe hadharani kwa muda, lakini hakiruhusu mwajiri afute matokeo. Mama mdogo yuko katikati. Upande mmoja kuna ada aliyoilipa kwa mkopo wa SACCOS, upande mwingine kuna mshahara unaolipa mkopo huo. Hadi naandika haya, bado wanazungumza. Siku moja nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Mwanangu, mficha uchi hazai. Ila mwenye uchi akiwa ni bosi wako, unazaa kwa adabu."

Nimeona niliweke hili wazi kwa sababu watu wanafikiri ugumu wa udaktari ni kusoma sana. Kusoma ni sehemu yake. Sehemu nyingine ni kuingia ofisini siku inayofuata na kusimamia ulichokigundua.

Pale pesa zinapopotelea

Masomo ya kozi yana ratiba, tarehe na wenzako. Yakiisha, unabaki wewe, msimamizi na tasnifu. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukiwa chuoni unakutana na wenzako kwenye korido, mnalalamika pamoja, unapata nguvu. Ukiwa mezani nyumbani, mwezi unapita bila kuandika ukurasa na hakuna anayekuuliza. Ada, hata hivyo, inaendelea, na kwa mtu wetu inalipwa kwa fedha ya kigeni huku mshahara ukiwa wa shilingi.

Kuna kesi moja ya kujifunzia. Walden ni chuo cha Marekani, cha Minneapolis, kinachofundisha mtandaoni na kinachoendeshwa kibiashara. Si chuo feki, kina ithibati. Januari 2022 waliokuwa wanafunzi wake wa DBA walikishtaki katika mahakama ya shirikisho huko Maryland. Walidai kwamba waliambiwa masomo na gharama ni kidogo kuliko hali halisi, na kwamba hatua ya mwisho ya utafiti iliburuzwa muhula baada ya muhula huku wakiendelea kulipa. Walidai pia kwamba chuo kiliwalenga hasa watu weusi na wanawake katika kutafuta wanafunzi. Chuo kilikanusha. Mwaka 2024 pande mbili zilimaliza shauri kwa makubaliano ya dola milioni 28.5.

Sisemi kwamba vyuo vyote viko hivyo. Nasema ithibati inajibu swali moja tu, kwamba chuo ni halali. Haikuambii itakugharimu kiasi gani mpaka mwisho, wala nani atakushika mkono ukikwama. Hayo inabidi uyaulize mwenyewe, kwa maandishi, kabla ya kulipa:

1. Ada yote mpaka kuhitimu ni kiasi gani, na nikizidisha muda nalipa nini kwa kila muhula?
2. Kati ya walioanza, wangapi wamehitimu, na kwa muda gani?
3. Msimamizi wangu atakuwa nani, ana wanafunzi wangapi, na sura nikimtumia anairudisha baada ya siku ngapi?
4. Nikihama kazi katikati ya utafiti, nini kitatokea?
5. Nikiacha njiani, nitaondoka na cheti chochote au mikono mitupu?

Swali la nne watu hulisahau kabisa. Kumbuka maabara yako ni ofisi. Ukiachishwa au ukihamishwa, maabara imefungwa.

Cheti kitatambulika?

Hapa nyumbani wa kuuliza ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo ndiyo inayotambua na kulinganisha shahada za nje. Uliza kabla hujajiunga, si baada ya kuhitimu. Na ukisoma maelezo ya vyuo vya nje, usichanganywe na namba za ngazi. Uingereza udaktari uko ngazi ya 8. Kwetu ngazi ya 8 ni shahada ya kwanza, ya 9 ni uzamili, na udaktari uko ngazi ya 10. Scotland ndiyo kabisa, udaktari wao ni ngazi ya 12. Kwa hiyo tangazo la "ngazi ya 8" linaweza kuwa kweli kabisa kule na likamaanisha kitu kingine hapa.

Kuna pia ithibati za shule za biashara zenyewe. AMBA ya London, kwa mfano, inakagua MBA na DBA. Ni dalili nzuri ya ubora, lakini haichukui nafasi ya kutambuliwa na serikali. Na kama lengo lako ni kufundisha chuo kikuu, kiulize chuo unachotaka kufundisha kama kinaipokea DBA sawa na PhD. Usiniulize mimi wala yule wa kwenye tangazo.

Kuhusu vyeti vya kununua, dunia ilipata somo Mei 2015, gazeti la New York Times lilipoeleza jinsi kampuni ya Axact ya Karachi ilivyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo visivyokuwepo na kuuza vyeti. Dalili ni zilezile hata leo: hakuna pendekezo la utafiti, hakuna kamati ya maadili, hakuna msimamizi mwenye jina, na "uzoefu wako wa maisha" unageuzwa kuwa shahada kwa wiki chache. Udaktari wa kweli una mtu wa kukukatalia. Mama mdogo alirudishiwa sura ya pili mara tatu. Chuo ambacho hakijawahi kukukatalia kitu, jiulize kinachokuuzia ni nini.

Na wapo wanaojiunga na chuo halali halafu wanalipa mtu awaandikie, au wanaiachia akili mnemba iandike. Mwisho kuna kutetea tasnifu mbele ya watahini, hata kama ni kwa kamera. Wakikuuliza kwa nini eneo la pili liligoma, aliyekuandikia hayupo pembeni yako.

Sisi je?

Kwa hiyo ni ya nani? Ni ya mtu aliyekaa kazini miaka kadhaa, mwenye shahada ya uzamili, mwenye tatizo analolijua kwa jina na mwenye uwezo wa kuligusa. Vyuo vingi makini vinadai uzoefu wa uongozi kabla ya kukupokea, na sasa naelewa sababu. Kijana anayetoka MBA moja kwa moja bila kuwahi kusimamia hata stoo ni sawa na mtu anayekwenda BTP ambako hakuna shule. Andalio la somo analo, wanafunzi hawapo. Huyo anayependa nadharia na anataka kuwa mhadhiri, njia yake ni uzamili wa utafiti kisha PhD. Si njia ya chini wala ya juu, ni njia nyingine.

Kuhusu jina la Dokta, nalo tuseme ukweli. Nchi hii inalipenda. Kwenye harusi unapangiwa meza ya mbele, kwenye kikao unapewa neno la ufunguzi. Hakuna dhambi kulitamani. Ila mtaani kwetu hakuna mwenye duka hata mmoja aliyeniuliza mama mdogo ataitwa nani. Wanachouliza ni kama ule utaratibu mpya wa kutosukumiwa katoni tarehe 25 utaendelea au ulikuwa wa utafiti tu. Mpaka sasa sijawa na jibu la kuwapa, kwa sababu jibu liko kwa mkurugenzi.

Mwakani wengi wetu tutakuwa mashuleni, wengine kwenye maduka na maofisi ya watu tukisubiri ajira. Udaktari uko mbali. Lakini daftari linaweza kuanza siku ya kwanza ya kazi. Andika kinachokwama na tarehe kilipokwama, ulichojaribu na kilichotokea. Ukiwa mwalimu, andika kwa nini darasa la Ijumaa mchana halielewi hesabu na la Jumanne asubuhi linaelewa. Baada ya miaka 10 ukiamua kusoma EdD, au DBA, au usisome kitu chochote, utakuwa na swali lako mwenyewe mkononi. Na yule wa kwenye grupu akituma tena picha ya joho jekundu, mtumieni yale maswali matano, muone kama atajibu.